Timu ikipanda daraja, mashabiki na hela vinaongezeka kweli? Tupige hesabu hapa

Kona Fupi (mleta uzi)

Habari za muda huu wakuu.

Kila msimu ukiisha nasikia wimbo uleule, timu fulani imepanda daraja basi sasa uwanja utajaa, hela itamwagika, shida zimeisha. Mimi naona hapo watu wanafunga mambo mawili kwenye fungu moja. Mashabiki kuongezeka ni habari moja, hela kubaki kwenye akaunti ni habari nyingine, na hilo la mashabiki lenyewe haliendi vile tunavyodhani.

Chukueni Huddersfield Town. Walipanda Premier League, ligi kuu ya England, 2017, fainali ya mchujo (ile ya kugombea nafasi ya mwisho ya kupanda) pale Wembley wakawatoa Reading kwa penati. Msimu wa 2015-16 wakiwa Championship, daraja la pili, wastani wa watu kwa mechi ya nyumbani ulikuwa kama 12,600. Msimu wa 2016-17, bado wako hukohuko Championship, ukafika kama 20,300. Halafu msimu wa kwanza Premier League kama 24,000. Sasa niambieni wengi walikuja lini? Karibu watu 8,000 waliongezeka KABLA timu haijapanda, na kilichowaleta kinajulikana, klabu ilishusha tiketi ya msimu ya mtu mzima hadi pauni 179, na timu nayo ikawa inashinda. Kupanda kwenyewe kukaongeza kama 3,700 hivi na hapo ndo mwisho wa viti, uwanja unabeba 24,500 tu, hata wangekuja malaika kucheza pale hakuna pa kukaa.

Na kuna kitu wengi hatukihesabu kabisa. Championship ina timu 24, mechi 23 nyumbani. Premier League timu 20, mechi 19 nyumbani. Kwa hiyo ukipanda unapoteza mechi nne za kuuza tiketi! Zidisha mwenyewe: 20,300 mara 23 ni kama 467,000. 24,000 mara 19 ni 456,000. Yaani Huddersfield uwanja umejaa pomoni, picha nzuri kwenye TV, ila kwa msimu mzima wa ligi watu walioingia getini wamepungua.

Karibuni tubishane ila kwa hesabu, sio kwa mahaba.

---

Mtaalamu wa Benchi

Uzi mtamu mkuu lakini umechagua mfano unaokubeba. Huddersfield waligawa tiketi karibu na bure, klabu gani nyingine inafanya hivyo? Halafu umeruka hela ya TV, wakati watu wakisema kupanda kuna hela hawamaanishi tiketi, wanamaanisha matangazo. Hao hao Huddersfield mapato yao yalitoka kama pauni milioni 16 yakaenda zaidi ya milioni 120 kwa msimu mmoja. Mara saba na zaidi!! Hapo unabisha nini?

---

Kona Fupi

Sibishi hata kidogo na ndo hoja yangu yenyewe hiyo. Hela ipo, nyingi sana, ila haipiti getini. Tukisema "mashabiki watajaa kwa hiyo klabu itatajirika" hiyo "kwa hiyo" ndo uongo. Ule mlima wote ni wa matangazo, ambao ungelipwa hata uwanja ukiwa nusu.

Ushahidi wa upande wa pili ni Newcastle. 2015-16 wako Premier League wastani wao ulikuwa chini kidogo ya 50,000. Wakashuka. 2016-17 wako Championship na kocha Rafa Benítez, wastani ukazidi 51,000. Wameshuka daraja, mashabiki wameongezeka! Na mechi ni 23 sio 19, kwa hiyo jumla ya watu ni zaidi ya milioni moja na laki moja. Sasa angalia mapato: yalitoka kama pauni milioni 126 yakaanguka hadi kama milioni 86. Watu wamezidi, hela imekimbia. Vitu viwili tofauti kabisa.

---

Kipa wa Akiba

Newcastle usimlete hapa aisee, mji mzima timu moja, wale hata wakicheza na timu ya shule watajaa 😂😂

---

Refa Mstaafu

Kipa wa Akiba umecheka ila umegusa penyewe. Timu yenye watu wake, daraja halimtishi. Sunderland walishuka mara mbili mfululizo 2017 na 2018, wakaangukia League One, daraja la tatu, na sikukuu ya tarehe 26 Desemba 2018 wakacheza na Bradford City mbele ya watu 46,039. Daraja la tatu! Kuna timu za ligi kuu kubwa kubwa Ulaya hazijawahi kuona idadi hiyo kwenye uwanja wao wenyewe.

Kwa hiyo nadhani swali la mleta uzi ligawanywe. Timu kubwa iliyoanguka, kupanda ni kurudi nyumbani, watu walikuwepo siku zote. Timu ndogo ambayo haijawahi kufika juu, hapo ndo kuna maswali ya kweli, maana haina wa kuwarudisha, inatakiwa iwatengeneze. Na wa kuwatengeneza hawapatikani kwa msimu mmoja.

---

Mama Jezi

Naomba kuuliza jamani na msinicheke, timu ndogo ikipanda si inapata mashabiki wa wageni? Manchester United wakija na Liverpool wakija si wanakuja na watu wao, hiyo hela ya wale haihesabiki?

---

Daftari la Hesabu

Swali la maana sana dada, ngoja nikupe kwa namba.

Premier League ina kanuni, timu mgeni anapewa viti 3,000 au asilimia 10 ya uwanja, kile kilicho kidogo. Na tangu 2016 walikubaliana tiketi ya shabiki mgeni isizidi pauni 30. Sasa chukua hali nzuri kabisa kuliko zote, uwanja wa watu 30,000, kila mgeni kajaza viti vyake vyote 3,000, kila mmoja kalipa 30. Hiyo ni pauni 90,000 kwa mechi, mara 19 ni milioni 1.71 kwa msimu mzima. Timu ya mwisho kabisa kwenye msimamo wa Premier League miaka hii inachukua zaidi ya milioni 100 kutoka kwenye mfuko wa ligi. Milioni 1.71 hapo hata mshahara wa beki mmoja wa kawaida wa mwaka mzima hauishi.

Na uwanja wa watu 12,000 wageni ni 1,200 tu, kwa hiyo gawanya tena.

Mgeni mkubwa faida yake ni nyingine, anafanya mwenyeji anunue tiketi ya msimu mzima ili asikose ile mechi moja. Hapo klabu inapata hela mapema kabla msimu haujaanza, na kwa klabu ndogo hela ya mapema ni bora kuliko hela nyingi ya kuchelewa.

---

Mtaalamu wa Benchi

Sawa tumekubaliana getini hakuna kitu. Basi rudi kwenye milioni 100. Mtu aliyekuwa anapata 16 akapata 120 unawezaje kusema hajafaidika? Hata akishuka mwaka unaofuata anapewa hela za parachuti, asilimia 55 ya ule mgao wa matangazo ambao klabu za Premier League zinapata sawa kwa sawa mwaka wa kwanza, 45 mwaka wa pili, 20 wa tatu. Mimi ningekuwa mmiliki ningepanda, ningekaa mwaka mmoja, nashuka zangu na mfuko umejaa.

---

Daftari la Hesabu

Ukikaa mwaka mmoja tu ule mwaka wa tatu wa parachuti haupati, unapewa miwili. Ndo uanze kupanga upya mkuu 😅

Ila tatizo kubwa sio hilo, tatizo ni kwamba hela inaliwa kabla haijaingia. Championship kwa misimu kadhaa klabu zote ukizijumlisha zimelipa mishahara ZAIDI ya mapato yao yote. Sio asilimia 70, sio 80, zaidi ya mia. Reading baada ya kupoteza ile fainali ya 2017 walifika mahali mishahara ikazidi asilimia 200 ya mapato. Maana yake kila pauni moja iliyoingia walilipa mbili kwa mishahara peke yake, bado umeme, bado nyasi, bado basi la wachezaji. Kwa nini wanafanya hivyo? Kwa sababu wote wanaiona ile milioni 100 juu ya mti, na wanaopanda ni watatu tu kati ya 24. Ishirini na moja wanalipa nauli ya safari ambayo hawakusafiri.

Na hao watatu nao wakipanda, mikataba inaamka. Mchezaji ana kipengele cha bonasi ya kupanda, kocha ana chake, klabu uliyomnunua straika kutoka kwake ina kipengele kwamba mkipanda mnaongeza kiasi fulani. Yote hayo yanaandikwa kwenye hesabu za msimu uleule wa kupanda, wakati hela ya Premier League bado haijaja. Ndo maana Aston Villa msimu wa 2018-19, msimu wa furaha ambao walipanda, walitangaza hasara ya zaidi ya pauni milioni 60. Wamepanda na hasara juu.

---

Kipa wa Akiba

Kwa hiyo Derby nao ndo ugonjwa huohuo?

---

Daftari la Hesabu

Derby ni huohuo ila hawakupona. Walipoteza fainali ya mchujo 2014 kwa goli la Bobby Zamora wa QPR dakika ya 90, wakapoteza tena fainali ya 2019 kwa Villa, katikati hapo wanatumia tu, mpaka uwanja wao wakamuuzia mmiliki wao mwenyewe ili vitabu vikae sawa. 2021 wakaingia chini ya msimamizi wa mufilisi, wakakatwa pointi 21 kwa jumla, 2022 wakashuka League One. Na mashabiki wao muda wote huo walikuwa wanajaa vizuri tu. Uwanja mzuri, watu wengi, klabu inakufa.

---

Refa Mstaafu

Mimi nilete habari ambayo ikisimuliwa watu hudhani ni ya kutunga. Bury FC. Msimu wa 2018-19 walimaliza wa pili League Two, daraja la nne England, wakapanda daraja, na wachezaji wale wakati huo hawajalipwa mishahara. Watu wakashangilia uwanjani. Tarehe 27 Agosti 2019 wakafukuzwa kwenye ligi kwa sababu mmiliki alishindwa kuonyesha hela za kuendesha timu. Hawakucheza hata mechi moja ya daraja walilopanda. Kupanda hakukuongeza senti, kuliongeza madai tu.

Halafu Gretna kule Scotland. Mji wenyewe watu kama 3,000. Tajiri mmoja akaweka hela, wakapanda madaraja matatu kwa miaka mitatu, 2005, 2006, 2007, wakafika ligi kuu. Ligi kuu ikawaambia uwanja wenu haufai, viti havitoshi. Wakahamia kucheza mechi za nyumbani Motherwell, zaidi ya kilomita 100 kutoka kwao. Sasa shabiki wa mji wa watu 3,000 asafiri kilomita zaidi ya 100 kwenda kuangalia mechi ya NYUMBANI kila wiki mbili, na timu inafungwa tu. Kuna mechi ya Aprili 2008 waliingia watu 431. Tajiri akaugua, hela ikakata, klabu ikavunjwa mwaka huohuo. Hii ndo timu ambayo kupanda kuliwaondoa mashabiki kabisa kabisa.

---

Mama Jezi

431 ligi kuu 🙆🏾‍♀️ si hata harusi inawazidi

---

Mtaalamu wa Benchi

Hayo ni majanga Refa, mimi sibishi yapo. Lakini mnaleta waliokufa tu, waliofaidika mnawaficha. Eibar je? Mji wa watu kama 27,000, uwanja wakati huo haufiki 7,000, walipanda La Liga, ligi kuu ya Hispania, 2014. Kabla hawajacheza wakaambiwa sheria inataka waongeze mtaji mpaka kama euro milioni 1.7 la sivyo wanashushwa, na walikuwa HAWANA DENI, yaani wanaadhibiwa kwa kutokuwa na madeni. Wakauza hisa ndogo ndogo kwa watu wa dunia nzima, hela ikatimia. Wakakaa La Liga misimu saba, hawakukopa, hawakununua mastaa. Uwanja wakawa wanaupanua kidogo kidogo.

Na Brentford? Walijenga uwanja mpya wa watu 17,250 wakahamia 2020, wakakosa kupanda mwaka huo kwa Fulham, wakamuuza Ollie Watkins na Saïd Benrahma badala ya kulia, 2021 wakapanda. Hao kupanda kumewaletea vyote, watu na hela.

---

Kona Fupi

Mtaalamu hapo umepiga penyewe na nakuunga mkono kwa hao wawili. Ila angalia wanafanana nini. Eibar na Brentford wote walikuwa wazima kabla ya kupanda. Kupanda kulikuta nyumba imeshapangwa. Brentford uwanja walijenga wakiwa Championship, hawakusubiri hela ya Premier League ije ndo waanze kununua saruji.

Linganisha na Luton. Hawa nawapenda, walianguka mpaka nje ya ligi kabisa 2009 baada ya kukatwa pointi 30, wakapanda ngazi kwa ngazi mpaka 2023 wakaingia Premier League kwa penati dhidi ya Coventry. Siku ile wachambuzi wa fedha walikuwa wanasema mechi ile ina thamani ya angalau pauni milioni 170. Uwanja wao, Kenilworth Road, ule ambao lango la wageni linapita katikati ya nyumba za watu na ukiwa juu kwenye ngazi unaona nguo zimeanikwa uani, haukuwa na sehemu za kamera na waandishi zinazotakiwa. Ikabidi wavunje jukwaa zima upande mmoja wajenge upya kwa mamilioni, na halikuisha kwa wakati, mechi ya kwanza ya nyumbani na Burnley ikaahirishwa. Baada ya yote hayo uwanja ukawa unabeba watu wasiofika 12,500, kati ya viwanja vidogo kabisa vilivyowahi kutumika Premier League. Hapo mahitaji ya tiketi yanaweza kuwa mara tano, haikusaidii, unauza zilezile. 2024 wakashuka, 2025 wakashuka tena hadi League One.

Hela yao naona hawakuitapanya, wanataka kujenga uwanja mpya, kwa hiyo kwa Luton kupanda kulilipa pale tu ambapo hakukuonekana uwanjani. Mtu wa nje anaona timu imeshuka mara mbili anasema wamefeli. Mimi nasubiri huo uwanja kwanza.

---

Kipa wa Akiba

Paderborn ya Ujerumani ilipanda Bundesliga, ligi kuu ya kule, 2014, Septemba wakaongoza ligi kwa siku kadhaa, 2015 wakashuka, 2016 wakashuka, 2017 wangeshuka hadi daraja la nne wakaokolewa na 1860 Munich waliokosa leseni. Halafu 2019 wamerudi tena Bundesliga. Hii timu ni lifti sio timu 😂

---

Refa Mstaafu

Ujerumani lakini hesabu ya mleta uzi ya mechi haifanyi kazi, maana daraja la kwanza na la pili yote yana timu 18, mechi 17 nyumbani kote. Hispania daraja la pili lina timu 22, kwa hiyo unapoteza mbili. England ndo wanapoteza nne. Tusiseme "kila mahali".

---

Kona Fupi

Kweli kabisa. Na hata England ukipanda kutoka League Two kwenda League One hupotezi kitu, yote yana timu 24. Na huko chini ndo kiingilio kina uzito wake, maana hela ya TV ni ndogo, kwa hiyo watu 2,000 zaidi kwa mechi unawaona kwenye daftari moja kwa moja. Kama kuna mahali usemi wa "kupanda kunaleta watu na watu wanaleta hela" una ukweli basi ni huko chini, sio huko juu ambako kila mtu anauimba.

---

Mama Jezi

Na Wrexham je? Hao wamepanda mara tatu mfululizo 2023, 2024, 2025 na naona hela wanayo kama maji.

---

Daftari la Hesabu

Wrexham dada hela ilitangulia, wamiliki ni waigizaji maarufu Ryan Reynolds na Rob McElhenney walionunua klabu 2021, wadhamini wakubwa na jezi zinauzwa nje ya nchi kwa sababu ya kipindi cha televisheni kinachowafuata. Mapato yao yalikuwa ya timu ya madaraja mawili juu wakati bado wako chini. Kwao hela ndo ilileta kupanda. Ni mfano mzuri ila wa hoja nyingine.

---

Mtaalamu wa Benchi

Haya basi mnipe kitu kimoja kinachorudisha mashabiki kuliko kupanda daraja. Kimoja tu.

---

Refa Mstaafu

Mmiliki kuondoka 😂

Sitanii lakini. Blackpool walipanda Premier League 2010, wakakaa msimu mmoja, wakashuka 2011 siku ya mwisho pale Old Trafford. Hela ya msimu ule haikwenda kwenye timu, familia ya Oyston iliyokuwa inamiliki ikashtakiwa na mwanahisa mwenzao, na Novemba 2017 Mahakama Kuu ikaamua kwamba walikamua klabu isivyo halali, wakaamriwa wamlipe zaidi ya pauni milioni 31. Mashabiki walishaanza kususia zamani, hawaingii, wanasimama nje ya geti mechi inachezwa. Februari 2019 mahakama ikaweka msimamizi, Oyston akatoka. Machi 9 mechi ya kwanza ya nyumbani baada ya hapo, na Southend, League One, waliingia zaidi ya watu 15,000. Hakuna aliyepanda daraja siku hiyo.

---

Kipa wa Akiba

Na mechi yenyewe ikaisha 2-2, sherehe haikukamilika

---

Mtaalamu wa Benchi

Sawa hiyo nimeipokea. Ila bado nikiwa mmiliki napanda, tofauti ni kwamba mikataba yote naweka kipengele cha kushusha mshahara tukishuka, na tiketi ya msimu sipandishi bei mwaka wa kwanza.

---

Daftari la Hesabu

Weka na kipengele hicho kwa kocha, wengi wanasahau kocha. Na bei ya tiketi Huddersfield walifanya hivyohivyo, Premier League waliuza za msimu kuanzia pauni 199, na wale waliokuwa nao miaka yote ya shida wakalipa pauni 100. Kwenye mapato ya zaidi ya milioni 120 hiyo punguzo haikuonekana hata kwenye desimali.